Mdogo wangu wa Houston, tuongee kabla hujavaa magwanda ya kijivu

Leo najibu barua moja tu, kwa sababu ni ya kazi ambayo naijua kwa ndani, na kwa sababu mwenye barua hiyo ana siku chache za kuamua.

Ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Tanga, anaishi Houston. Kwa sasa anahudumia wazee zamu za usiku, na kuinua watu wazima kutoka kitandani kumempa mgongo wa bibi kizee. Rafiki yake wa kanisani amemwambia jimbo la Texas linatafuta askari magereza mwaka mzima: hawadai shahada, bima ya afya ipo, pensheni ipo. Amejaza fomu nusu, akasita. Mama yake alipopigiwa simu alilia: "Umevuka bahari yote hiyo ukawe bwana jela?" Na binti anamalizia: "Dada, niende au nisiende?"

Nenda. Nimetanguliza jibu ili usisome roho juu. Mimi nami niliyavaa magwanda hayo kabla sijahamia kazi ya mezani, na yamesomesha watu nyumbani. Ila nenda ukijua unakwenda kufanya nini, maana wengi wa kwetu niliowaona wakiharibikiwa hawakuharibiwa na kisu cha mfungwa. Waliharibiwa na tabia nzuri walizotoka nazo nyumbani. Nitaeleza.

Kwanza hakikisha tangazo ni la nani. Jela ya kaunti iko chini ya sherifu, na wengi wa waliomo ni mahabusu wanaosubiri kesi au watu wa vifungo vifupi. Gereza la jimbo ni la waliokwisha kuhukumiwa, huyu miaka mitatu, yule maisha. Yapo magereza ya serikali ya shirikisho, na yapo yanayoendeshwa na kampuni binafsi kama CoreCivic na GEO Group, ambazo pia zina vituo vya kuzuilia wahamiaji. Hivyo vya wahamiaji nina neno langu navyo. Mtu ambaye makaratasi yake mwenyewe bado yanayumba kwenda kuwafungia milango watu waliopanda mashua ileile, pesa hiyo naiona chungu. Lakini hukuniuliza hilo, tuendelee.

Texas ndiyo yenye wafungwa wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, zaidi ya 120,000, katika magereza yapatayo mia moja. Makao makuu yako Huntsville, saa moja na kidogo kwa gari kutoka kwako, mji ambao umekuwa na gereza tangu 1849. Wafungwa huvaa nyeupe, askari huvaa kijivu. Umri ni kuanzia miaka 18, uwe na cheti cha kumaliza sekondari au GED, mtihani unaokubaliwa badala yake, usiwe na hatia ya kosa kubwa la jinai, na utapimwa dawa za kulevya. Cheti cha kidato cha nne au cha sita kitatakiwa kutathminiwa, kwa hiyo anza hilo leo, linakula muda. Kuhusu uraia, majimbo hayafanani, lakini Texas huchukua pia mtu asiye raia mwenye kibali halali cha kufanya kazi. Na kaka zetu mnaosoma huku mmejificha: sheria ya Marekani inawataka wanaume wanaoishi huku, wakiwemo wakimbizi na wenye Green Card, wajiandikishe Selective Service, daftari la wanaoweza kuitwa jeshini, kati ya miaka 18 na 25. Wengi hamjui. Siku ya kuomba kazi ya serikali, au uraia, ndipo mnashtuka.

Ukifika utawakuta Wanigeria wamekutangulia, tena kwa wingi. Wakaribie. Wanaijua njia, na wali wao si mbaya.

Sasa kazi yenyewe. Usiiwaze kwa sinema. Ndani ya gereza hutembei na bunduki. Bunduki ziko kwenye minara, kwenye magari yanayozunguka uzio, na kwa wanaosimamia vikosi vya wafungwa mashambani wakiwa juu ya farasi. Wewe ndani una redio, funguo, pingu, pilipili ya kupulizia, fulana ya kuzuia kisu, na mdomo wako. Zamu ni saa kumi na mbili. Utafungua mlango, utafunga mlango, utasindikiza, utapekua, utagawa chakula kupitia kidirisha, utaandika. Kisha utahesabu.

Hiyo hesabu nikuchambulie kidogo, kwa sababu ndiyo moyo wa gereza. Mara kadhaa kwa siku, mchana na usiku, kila kitu kinasimama na kila mtu anahesabiwa. Saa nane za usiku unapita seli baada ya seli na tochi. Mwanga unaelekeza ukutani au darini, si usoni, usije ukaamsha watu themanini wenye hasira. Sheria ni moja: unahesabu nyama hai inayopumua, huhesabu blanketi. Lazima uone ngozi, uone kifua kinapanda na kushuka. Mtu akijifunika gubigubi, unagonga mlango mpaka atikisike. Atakutukana mpaka ukoo wako. Mwache atukane, anayetukana yu hai. Kuna asubuhi ambazo mtu hakutukana, na aliyepita usiku akahesabu blanketi akaulizwa maswali ambayo hakuwa na majibu yake. Na hesabu isipotimia hakuna anayekwenda popote, hata zamu iliyokwisha haitoki getini.

Umeandika kwamba wewe ni mdogo wa umbo, kilo hamsini na kitu, unaogopa watakucheka. Kuna dada mmoja wa Alabama, Dianne Rawlinson, alinyimwa kazi hii kwa sababu hakufikisha uzito uliotakiwa, ratili 120, ambazo ni kama kilo 54. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1977 majaji wakasema masharti ya urefu na uzito yanawabagua wanawake. Lakini hukumu hiyohiyo iliiruhusu Alabama iwazuie wanawake kufanya kazi za kukutana uso kwa uso na wafungwa kwenye magereza ya wanaume yenye ulinzi mkali, kwa kuwa magereza yale yalikuwa yameoza kwa vurugu. Leo wanawake wamejaa kwenye majengo ya wanaume. Nimeona jitu la kilo mia moja na ishirini, sare imembana kifua, likishindwa kumrudisha mfungwa mmoja selini, akaja mama mfupi wa Lagos akasema maneno manne kwa sauti ya kawaida na yule kijana akaingia. Watu walijua mama yule akisema jambo, ndivyo litakavyokuwa.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Mwanasosholojia Gresham Sykes alilichunguza gereza la jimbo la New Jersey lililoko Trenton, na mwaka 1958 akatoa kitabu kiitwacho The Society of Captives. Aliona kwamba askari ana madaraka yote kwenye karatasi, lakini siku yenyewe haiendeshwi kwa nguvu. Wafungwa ni wengi, yeye ni mmoja, na wakubwa wake wanampima kwa utulivu wa jengo lake. Basi anaanza kuununua huo utulivu. Anafumbia macho hili dogo, wao wanamrahisishia lile. Anapenda kupendwa. Anachoka, anamwachia mfungwa mmoja hodari afanye kazi zake ndogondogo. Siku anapotaka kusema hapana, hapana yake imekwisha kuuzwa kitambo.

Sasa weka hapo malezi yetu. Sisi hatumnyimi mtu usoni. Ukiombwa kitu ambacho huna, unasema "ngoja nikuangalizie." Ukiitwa na hutaki kwenda, unasema "nakuja." Mwombaji anajua, mwombwaji anajua, na heshima imebaki pale pale. Nyumbani huo ni uungwana. Gerezani ni uongo, na unaandikwa kwenye vichwa vya watu wasio na kitu kingine cha kukumbuka. Mtu aliyefungiwa selini hawezi kwenda kuchukua karatasi ya chooni mwenyewe. Akikuomba saa mbili, ukasema "nakuja", na saa tano hujarudi, kwake si kwamba umesahau. Umemdharau, tena mbele ya wenzake waliosikia. Saa sita atakataa kurudisha sinia la chakula, ataweka mkono kwenye kidirisha, na sasa unamwita sajini, anakuja na kamera na watu watano, kwa ajili ya karatasi ya chooni.

Kwa hiyo jizoeze, anza hata leo hapo kwa wazee wako. Kama utaleta, sema saa. Kama huwezi kuleta, sema "siwezi" na uishie hapo, bila kuzungukazunguka. Kama hujui, sema utauliza, uulize, urudi na jibu hata kama jibu ni baya. Unaweka kijitabu mfukoni unaandika: seli ya 14, karatasi, seli ya 22, anataka fomu ya hospitali. Wafungwa wanavumilia sana hapana ya kweli. Nimeona wauaji wakisema "sawa, bosi" kwa hapana iliyosemwa kwa adabu. Huko Texas askari wa kiume ni "bosi", wa kike ni "miss", utazoea.

Tabia ya pili ni huruma. Sikuambii uiache, askari asiye na huruma ni hatari kwa wafungwa na kwa wenzake. Nakuambia uipitishe kwenye njia iliyopo. Mzee anayesafisha korido atakwambia, "Miss, jana ulionekana umechoka, nyumbani salama?" Ni maneno matamu, hasa kama hakuna mwingine aliyekuuliza wiki nzima. Wiki ijayo atajua una mtoto. Baadaye ataomba kalamu yako, tu kalamu. Kisha atakuonyesha picha ya mama yake anayeumwa, na ombi la kumtumia ujumbe mfupi. Pengine mama anaumwa kweli! Hilo ndilo gumu. Lakini ukituma, anayo siri yako, na ombi linalofuata halitakuwa ombi. Simu moja ikiingia gerezani ina thamani ya mishahara, na karatasi iliyolowekwa kwenye dawa za kulevya inauzwa kipande kwa kipande. Malipo yatakuja kwenye Cash App kutoka kwa dada wa mtu usiyemjua. Mwenye mama mgonjwa anapelekwa kwa kasisi wa gereza, ndiyo kazi ya kasisi, na wewe unamjulisha kasisi leo leo. Huruma yako imefanya kazi, na mikono yako imebaki safi.

Kuhusu mapenzi sitazunguka. Mwaka 2003 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukomesha ubakaji magerezani, inayojulikana kama PREA. Katika majimbo yote 50, askari kulala na mfungwa ni jinai, na hakuna cha "tulikubaliana", kwa sababu aliye chini ya ufunguo wako hana uwezo wa kukubali. Na sisi tusio raia tunabeba mzigo wa pili. Raia akipatikana na hatia hufungwa, akatoka, akarudi kwao mtaa wa pili. Wewe unaweza kufungwa, kisha ukapandishwa ndege. Fikiria simu ya kumwambia mama hilo.

Sasa jambo ambalo hukuuliza na ambalo hakuna chuo kitakachokufundisha. Siku moja, nyuma ya mlango wa chuma, utasikia: "Shikamoo dada."

Moyo utaruka. Texas imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, wapo Wakenya, wapo Watanzania, na katika watu wengi hivyo wapo wanaokosea. Anaweza kuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, Kiswahili cha Bukavu, hajakiongea na mtu tangu ahukumiwe. Salamu ile haiachwi ikaning'inia, utamjibu marahaba, na mimi singekulaumu. Baada ya hapo unarudi kwenye Kiingereza, kwa sauti ambayo seli za jirani na askari mwenzako wanaisikia. Atasikitika. Atasema umekuwa Mzungu. Vumilia, kwa sababu kila dakika utakayoongea naye lugha ambayo wengine hawaielewi, jengo zima linahesabu. Wafungwa wenzake watadhani anakupa habari zao, na hilo linaweza kumdhuru yeye kabla yako. Askari wenzako watadhani mnapanga jambo. Na yeye mwenyewe, hata kama ni mtoto mzuri, atafuatwa na watu wakubwa wa jengo wamwambie, "yule dada yako atuletee."

Zamu ileile mwambie sajini wako: kuna mfungwa anaongea lugha yangu, nimemsalimia, basi. Kama ni mtu unayemfahamu, wa kwenu, wa kanisani, ndugu wa shemeji, andika barua rasmi na uombe usiwekwe jengo lake. Usingoje wagundue. Na habari zake usizipeleke kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa Houston hata kwa kumwombea dua.

Upande wa pili wa shilingi ni wenzako waliovaa sare kama yako. Desemba 2024, katika gereza la Marcy huko New York, askari walimpiga mfungwa Robert Brooks akiwa amefungwa pingu, kwenye chumba cha matibabu, akafariki siku iliyofuata. Kamera zilizokuwa vifuani mwao, ambazo hawakuziwasha, zilikuwa zikirekodi picha zenyewe bila sauti. Kadhaa walishtakiwa kwa mauaji, baadhi wakakiri makosa mahakamani, na mashtaka yalimfikia hata mtu aliyedaiwa kuwepo na kutozuia. Zingatia huyo wa mwisho. Mgeni kazini, tena Mwafrika mwenye lafudhi, anatamani kukubalika, na kukubalika mara nyingi huja kwa kufunga mdomo. Ukiona mwenzako anavuka mstari, mvute mkono, sema "imetosha, yuko chini ya ulinzi," ita msimamizi kwenye redio ili sauti yako irekodiwe. Ripoti yako iandike mwenyewe, kwa maneno yako, kabla hujasoma ya mwenzako. Mtu akikuletea karatasi iliyokwisha andikwa akasema "wote tumesaini hii," hiyo usisaini. Utachukiwa? Kwa muda, ndiyo. Lakini ile sifa niliyoisema ya yule mama wa Lagos hujengwa na pande zote mbili za mlango.

Hatari ya kuumizwa ipo, nisikufiche. Mwaka 2007 askari Susan Canfield alikuwa juu ya farasi akisimamia kikosi cha shambani karibu na Huntsville, wafungwa wawili wakatoroka kwa gari la wizi, na gari hilo likamgonga farasi wake; dada yule akafa. Zaidi utakutana na aibu ndogondogo: kurushiwa mkojo na kinyesi kupitia kidirisha. Weka nguo ya pili kwenye gari, na usilipize. Anayerusha anangoja ulipize.

Joto nalo. Wewe wa Tanga utasema joto unalijua. Hulijui hili. Sheria ya Texas inazitaka jela za kaunti zikae kati ya nyuzi 65 na 85 za Farenhaiti, yaani kama 18 hadi 29 za Selsiasi, lakini magereza ya jimbo hayamo kwenye sheria hiyo, na karibu theluthi mbili hayana kiyoyozi kamili wanapolala wafungwa. Mwezi Agosti ndani huweza kupita nyuzi 38 za Selsiasi, na wewe umevaa fulana nzito unapanda ngazi za ghorofa ya tatu. Machi 2025 jaji wa shirikisho, Robert Pitman, alisema joto hilo linakiuka katiba, ingawa hakuamuru viyoyozi vifungwe papo hapo. Kunywa maji kabla ya kiu, lala mchana wa kabla ya zamu, na kwenye mahojiano uliza waziwazi kama gereza wanalokupangia lina kiyoyozi. Hawachukii ukiuliza.

Uliza pia wana upungufu wa askari kiasi gani, kwa sababu pengo hilo utaliziba wewe kwa ovataimu ya lazima. Februari 2025 askari wa New York waligoma bila idhini ya chama chao, wakilalamikia zamu zilizofika saa 24 na usalama wao. Mgomo ulichukua siku 22, na wapatao 2,000 wakafukuzwa kazi. Pesa ya ovataimu ni tamu mwanzoni. Baadaye unajikuta umelala kwenye taa nyekundu.

Na kwa kuwa umesema wewe na mwenzako mnatarajia mtoto siku za mbele, hili lisikie. Mwaka 2021, kwenye gereza moja la Abilene, askari mwenye mimba ya miezi saba alipata uchungu akiwa zamuni. Katika kesi aliyofungua alieleza kwamba aliomba ruhusa ya kuondoka akaachwa zaidi ya saa mbili, na alipofika hospitali mtoto alikuwa amekwisha kufariki. Ukishika mimba, toa taarifa kwa maandishi mapema, omba kazi isiyo ya kukabiliana na wafungwa, tunza nakala nyumbani. Na damu ikionekana, ita msaada kwenye redio kama unavyoita kwa mfungwa, uende. Kazi hutafutwa tena.

Nyumbani, tuelewane kwenye mambo mawili. Sauti ya gerezani ibaki gerezani. Nimewaona watu wazima wanaoamuru wake zao na watoto wao kama wanapanga foleni ya chakula, na hawajisikii. Mwombe mwenzako akuambie, bila kugombana, kila sauti hiyo inapotoka. La pili, tafuta mtu wa kuongea naye kabla hujahitaji. Utaona mtu amejinyonga, utamshusha, utamfanyia huduma ya kwanza, kisha utaulizwa kama unaweza kumalizia zamu. Idara nyingi zina washauri nasaha kwa wafanyakazi, na huduma hiyo ni ya siri. Itumie. Hatuna desturi ya kwenda kwa mshauri, najua, tunasema "nitaomba Mungu." Omba Mungu, na miadi uiweke.

Mama sasa. Anacholia si gereza, analia jina. Huko kwetu bwana jela ni mtu wa kutishia watoto. Tena kwa kuwa ni Texas, kuna jirani atakayemwambia kwamba mwanawe ananyonga watu. Mweleze kwamba hukumu za kifo za jimbo hutekelezwa katika gereza moja tu, lile la zamani la Huntsville, na kwamba askari walio wengi hustaafu bila kukaribia chumba kile. Kisha mweleze kazi yako kwa vitu anavyovijua: nahakikisha watu wamekula, wamepewa dawa, wako hai asubuhi. Karibu kila mfungwa atatoka siku moja, na atarudi mtaani na kumbukumbu ya namna alivyotendewa humo ndani. Mama aliyekulea wewe ataelewa. Asipoelewa mwezi huu, mshahara wa kwanza usimtumie wote kumnunulia kuelewa. Mpelekee kidogo kidogo.

Umeuliza mwishoni, kwa haraka, kama utaweza kuendelea na kazi ya wazee zile siku za mapumziko, maana umesikia Texas wengi hufanya kazi siku nne na kupumzika nne. Wengi wetu hujaza hizo nne kwa kubeba boksi kwingine, na kwenye makaratasi ya benki inapendeza. Mwaka wa kwanza, usifanye. Utahitaji siku ya kwanza kulala, ya pili kunyamaza, ya tatu kucheka na watu wasiojua gereza, na ya nne kufua magwanda na kupika chakula cha kubeba. Baada ya mwaka tuandikiane tena tuone mgongo unasemaje. Na kazi yoyote ya pili, kabla hujaanza, iombee kibali kwa maandishi kwa idara. Fomu ile iliyokwama nusu, sehemu ya historia ya kazi andika hao wazee wako kwa kirefu. Mtu aliyezoea kuwaogesha watu wanaomtukana, na kesho yake akarudi na sauti ileile, wanamtafuta sana.